Upana wa Chaneli Siku ya Ijumaa

Kwa miaka kumi na mmoja nimelipwa kuingia katika nyumba za watu, kupanda ngazi zao, kufunga ruta karibu na dari, kisha kukaa sakafuni na kompyuta mapajani ili kuamua jambo ambalo mwenye nyumba hajui hata kwamba lipo. Jambo lenyewe ni upana wa chaneli ya Wi-Fi. Ruta humuuliza fundi: ishirini, arobaini, themanini, au mia na sitini? Hizo ni megahezi, kipimo cha masafa ya redio, lakini mwenye nyumba haoni megahezi. Anaona tarakimu tu, na mwanadamu akioneshwa tarakimu nne huitaka iliyo kubwa.

Miaka minane ya mwanzo niliifanyia kazi hiyo Riyadh. Ilikuwa miaka ya mageuzi, na kila niliporudi katika mtaa niliowahi kufanya kazi nilikuta jambo jipya: duka lisilofunga wakati wa sala, mama anayeendesha gari lake mwenyewe kumpeleka mtoto shuleni. Simu za video kwa intaneti, zilizokuwa zimezuiwa, zikafunguliwa, na ghafla kila nyumba ikataka mtandao unaofika hadi jikoni, maana jikoni nako kulikuwa na mtu aliyemwacha mama yake mbali. Kampuni yetu ilipata kazi nyingi kuliko mikono. Shahada yangu ni ya uhandisi wa mawasiliano, na kadi yangu ya kazi iliandikwa mhandisi, lakini siku nyingi nilikuwa mtu wa ngazi na waya.

Nakumbuka mzee mmoja mwenye jumba jipya kaskazini mwa mji. Alisimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa, akitazama kioo cha kompyuta.

"Ipi kubwa hapo?" aliuliza.

"Mia na sitini, baba. Lakini themanini inakutosha na inabaki."

"Jirani yangu ulimwekea ngapi?"

"Mia na sitini."

"Mimi niwekee zaidi."

"Zaidi mafi, hakuna, baba. Hapo ndipo mwisho."

"Basi niwekee hiyo hiyo, na yeye ukampunguzie." Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani.

Nilimwekea. Pale haikuwa na madhara, na ni lazima nieleze kwa nini, kwa sababu yote yaliyonipata baadaye yamo humo. Mimi huifikiria chaneli kama mkeka. Ukitandika mkeka mpana, wanakaa watu wengi kwa pamoja, na maneno mengi yanapita kwa mara moja. Lakini redio ya Wi-Fi ina adabu kuliko wengi wetu: kabla ya kusema husikiliza kwanza, na ikisikia mtu mwingine anazungumza popote juu ya mkeka wake, hunyamaza mpaka amalize. Katika jumba la Riyadh, lenye kuta nene na ua pande zote, mkeka wa mia na sitini haumgusi jirani. Hakuna wa kumngoja. Mteja hupima kasi, hufurahi, huweka sahihi, halas, kazi imekwisha, unashuka na ngazi yako. Ninavyokumbuka, katika miaka ile minane sikulazimika kufikiri sana juu ya majirani.

Kisha nikahamishiwa Jeddah. Mwaka wa tatu kampuni iligawanyika, tawi la huku likapata kafili mpya, mdhamini wa ajira zetu, na karatasi zangu zikaanza safari ya kutoka jina moja kwenda jingine. Zamani ningesimama kwenye foleni ya ofisi fulani na bahasha mkononi. Sasa kila kitu kilikuwa ndani ya simu, na hilo nalo ni miongoni mwa mageuzi. Nilifungua simu kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki, nikakuta neno lile lile: linashughulikiwa. Ikama, yaani kibali cha ukaazi, ikiwa katika hali hiyo, ruhusa ya kutoka na kurudi haitolewi. Unaweza kufanya kazi, unaweza kula, unaweza kulala. Huwezi kwenda kwenu.

Tangu nilipofika Jeddah nilikuwa nimepanga chumba katika mtaa wa Al-Baghdadiyah, ghorofa ya tatu ya jengo kongwe ambalo madirisha yake ya nyuma hutazamana kwa karibu kiasi cha kupitishiana chumvi. Nilikaa na dereva mmoja Mkenya, mtu wa Nakuru, Mkristo, mpole, mpishi hodari wa maharage. Yeye alikuwa na chumba chake, mimi changu, na sebule ndogo katikati ambamo ruta yetu ilining'inia ukutani. Siku ya kwanza nilipima hewa ya jengo lile kama ninavyopima ya mteja. Orodha ya mitandao ilikuwa ndefu hata ikanibidi niisukume kwa kidole mara nne kuifikia mwisho. Kila mlango una ruta, kila ruta imewekewa tarakimu kubwa, mikeka imelaliana kama nguo kwenye kamba moja. Nikaiweka ya kwetu ishirini, katika kona ya masafa ambako nilimsikia jirani mmoja tu. Ilitutosha. Mazungumzo ya video hayahitaji upana. Yanahitaji zamu isiyochelewa.

Narudia ili lieleweke: nililijua jambo hilo, na nilikuwa nimelitenda kwa mkono wangu mwenyewe.

Nina dada mmoja, wa mwisho kuzaliwa kwetu. Baba alifariki dada akiwa bado anatambaa, babu alikwisha tangulia, na hivyo, kwa sheria ya dini yetu, mimi ndiye walii wake: yeye akiolewa, mimi ndiye wa kumuozesha. Nilipoondoka Tanga kwenda Riyadh alikuwa msichana wa sekondari. Nimekosa mahafali yake ya ualimu. Nimekosa maziko ya mama, ambayo yeye aliyasimamia akiwa na umri ambao mimi nilikuwa bado nafuliwa nguo. Kila mara nilisema nitakuja, na kila mara palikuwa na sababu, na sababu zilikuwa za kweli. Hilo ndilo linalochosha zaidi.

Mchumba alipopatikana na siku ilipopangwa, Ijumaa baada ya Alasiri, karatasi zangu zilikuwa zingali njiani. Baba yetu mdogo alinipigia simu kwa lengo la kulimaliza mapema.

"Mwanangu, usijisumbue. Mwakilishe Sheikh, amuozeshe kwa niaba yako. Neno moja tu kwenye simu, limekwisha. Watu wote wa nje wanafanya hivyo."

Alisema kweli. Uwakili wa namna hiyo ni halali na ni jambo la kila wiki. Ningekubali, lakini dada alichukua simu mkononi mwake.

"Kaka, mimi sitaki wakili. Nataka nikusikie wewe ukisema. Kuja huji, najua. Basi angalau sauti."

Nikamwambia ndiyo, nitasema. Nikazungumza na Sheikh mwenyewe, mzee mwenye sauti ya taratibu aliyenifundisha juzuu amma ya Kurani nikiwa mdogo. Aliniambia wazi kwamba wapo wanazuoni wasioikubali ndoa ya namna hiyo, na kwamba yeye ataikubali kwa sharti. Mashahidi wawili wanione na wanisikie. Na neno langu la kuozesha lifuatwe na neno la bwana harusi la kukubali papo kwa papo, bila pengo kati yake.

"Likiingia pengo, mwanangu, si aqdi ya ndoa tena, ni mazungumzo," alisema. "Nitawajaribu mara mbili. Ikishindikana utaniwakilisha nimuozeshe mimi, usinune."

"Sheikh, hii ndiyo kazi yangu," nilimjibu. "Hakutakuwa na pengo."

Hapo ndipo majivuno yalipoingia, wala sitayapa jina jingine. Baba mdogo alinieleza kwamba ataazima projekta ya shule anayofundisha dada, na kwamba nitaonekana ukutani sebuleni, mkubwa kama mlango. Nikawaza uso wangu ukiwa umetapakaa vipande vipande mbele ya watu wote wa mtaa: kaka mhandisi, miaka kumi na mmoja Uarabuni, haonekani pua wala mdomo. Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani kwa sababu mteja mmoja wa karibu na bandari alikuwa ameahirisha kazi. Nikafungua ruta. Nikaipandisha kutoka ishirini hadi mia na sitini. Nikapima kasi, na tarakimu zikaruka juu kama nilivyozizoea katika majumba ya Riyadh.

Nikampigia dada kwa majaribio, kwa kompyuta ile ile ya kampuni, nyembamba, isiyo hata na tundu la kuchomeka waya. Picha ilikuwa safi hata nikaona uzi uliochomoka kwenye kanga yake.

"Kaka, umezeeka!" alipiga kelele. "Ndevu zote hizo nyeupe? Mbona picha unazotuma hazionekani?"

"Picha huwa nachagua."

"Unachagua nini, shekhe zima! Ijumaa zipake masizi, usinitishie wageni."

Tulicheka. Nikamuuliza rasmi, kama walii anavyopaswa, iwapo ameridhika na kijana yule, naye akasema ameridhika, kwa sauti ya chini, akiwa ameacha mzaha. Nilifunga kompyuta nikiwa na furaha niliyokuwa sijaionja muda mrefu, na haikunijia hata kidogo kujiuliza kwa nini hewa ilikuwa nyeupe namna ile saa nne asubuhi ya Jumanne.

Jengo lilikuwa tupu. Ndiyo sababu. Watu wote walikuwa kazini.

Ijumaa ni siku nyingine. Ijumaa ndiyo siku pekee ambayo jengo lile lina watu wake wote kwa wakati mmoja. Wanasali, wanakula wali, wanajinyoosha kidogo, na baada ya Alasiri kila mmoja anakaa pembezoni mwa kitanda chake na kupiga simu kwao. Ukipita kwenye ngazi wakati huo unasikia Kibengali, Kiurdu, Kiamhari, Kitagalogi, na watoto wa mbali wakiimba alfabeti. Nimepita kwenye ngazi zile Ijumaa zisizo na idadi. Nilizijua sauti zile. Sikuzihesabu kama majirani wa mkeka wangu, kwa sababu macho yangu ya kazi yalikuwa yangali Riyadh.

Saa zetu na Tanga ni moja. Saa kumi na robo nilikuwa nimevaa kanzu na kofia, nimefunga mlango, nimekaa mbele ya kompyuta. Dereva mwenzangu alikuwa jikoni na sufuria yake, amepunguza hata sauti ya mwiko. Simu ikaunganishwa. Nikaona sebule yetu, watu wamejaa, bwana harusi ameketi juu ya busati mbele ya Sheikh, na baba mdogo akinijia karibu na uso.

"Assalamu alaykum! Unatuona?"

"Wa alaykumu salaam. Shikamoo, baba. Nawaona."

Midomo yake haikusogea. Kisha, baada ya muda wa kumeza mate mara tatu, ikasogea: "Unatuona, mwanangu?"

Nilijua. Katika kifua, kabla ya kichwa, nilijua. Lakini hotuba ilikwisha anza, na haikuwezekana kumkatiza Sheikh katikati ya khutba ya nikaha. Maneno yake yalinifikia kwa mafungu: kimya, kisha matatu manne yamebebana, kisha kimya. Kila pengo lilikuwa ni ruta yangu, yenye adabu zake, ikiwangojea watu wa jengo zima wamalize kuwasalimu mama zao.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, polepole, kwa sauti yote niliyokuwa nayo: nimekuozesha dada yangu, nikataja jina lake na la baba yetu, kwa mahari mliyoafikiana.

Kimya. Bwana harusi alikuwa akinitazama ukutani, amefungua kinywa, hajui kama nimemaliza. Sheikh akainua mkono.

"Tumepata 'nimekuozesha dada', basi," alisema. "Lililobaki limekuja peke yake, nyuma sana. Tena, mwanangu."

Nikasema tena. Safari hii picha iliganda kabisa, na ilipoyeyuka nikasikia watu wakiguna, na sauti ya baba mdogo ikimweleza mtu: "Huku kwetu ni safi. Mbovu ni huo wa kwao huko kwa Waarabu."

Dereva alikuwa amefika mlangoni, taulo la jikoni begani.

"Injinia, kwani umeweka ngapi?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mia na sitini."

Alinitazama kama mtu anayemtazama daktari akivuta sigara. "Na ile ishirini yetu ilikukosea nini?"

Nikawaambia Sheikh na wageni, bila kujua watalisikia lini, kwamba naomba dakika mbili. Nikafungua ruta, nikateremsha upana hadi ishirini, nikabonyeza kukubali. Redio ya ruta hujizima na kujiwasha upya, na hakuna elimu inayoiharakisha. Taa zake zikazimika moja moja. Dereva na mimi tulisimama chini yake tukiitazama, mimi na kanzu yangu, yeye na taulo lake.

Simu yangu ya mkononi ikalia. Ilikuwa simu ya kawaida, na ndani ya nyumba ile mnara hushika kwa shida, hivyo nilikimbilia dirishani.

"Mwanangu," alisema baba mdogo, "Sheikh ana ndoa nyingine ng'ambo ya barabara kabla ya Magharibi. Watu wamesimama. Sema neno tumalize."

"Baba, dakika moja tu, inawaka sasa hivi."

"Mwanangu."

Akampa Sheikh simu. Mzee hakunilaumu. Alisema tu, "Haya," akangoja. Nikamwambia nimemwakilisha amuozeshe dada yangu kwa niaba yangu. Neno moja kwenye simu. Likafika mara moja.

Niliporudi kwenye kompyuta taa za ruta zilikuwa zimewaka na simu ya video imejiunganisha upya. Picha ilikuwa na ukungu kidogo, ndogo, isiyo na uzi wa kanga, lakini haikusita hata kidogo. Mkono wa Sheikh ulikuwa ndani ya mkono wa bwana harusi. Nikamsikia akisema, "kwa uwakili wa kaka yake," na kijana akaitikia pale pale, "Nimekubali." Hapakuwa na pengo. Vigelegele vikatoka vyumbani kwa wanawake, vikafika Al-Baghdadiyah vikiwa vizima. Hakuna aliyeangalia ukuta.

Dereva aliniletea chai, akaniambia pole na hongera kwa pamoja, akarudi jikoni.

Baada ya Magharibi mke wangu alinipigia. Yeye na watoto walirudi Tanga zamani, nami nikabaki peke yangu. Alikuwa chumbani kwa bibi harusi, akampa simu. Nikaona uso wa dada yangu umepambwa, mkubwa wa macho, mtu mzima.

"Hongera, bi harusi."

"Ahsante, kaka." Akasogeza simu sikioni, kisha akairudisha mbele. "Huku ndani kelele zilikuwa nyingi. Sikusikia. Ulisema wewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Wanawake wale walikuwa wakiimba, na ndoa ilikwisha fungwa. Huenda mambo yangeishia hapo kwa siku chache.

"Hapana. Nilimwakilisha Sheikh. Mtandao ulikuwa—" Nikaacha. Hivyo ndivyo ninavyowaambia wateja. "Mtandao haukuwa na tatizo. Niliuweka vibaya mimi."

"Wewe? Si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo kazi yangu."

Hakucheka. Kwa kuwa sauti sasa ilipita bila kuchelewa, nilisikia hata pumzi aliyoivuta kabla ya kusema.

"Ungekuja, kaka."

"Karatasi—"

"Najua karatasi. Nimekwambia tu."

Nyuma yake mtu alimwita, naye akamjibu anakuja, lakini hakuondoka.

"Basi sema sasa," alisema.

"Niseme nini? Imekwisha fungwa. Haina hukumu yoyote sasa."

"Sijakuuliza hukumu yake. Sema nisikie."

Nikavaa tena kofia, sijui kwa nini. Nikasema, peke yangu mbele ya simu, kwamba nimemuozesha dada yangu, nikataja jina lake na la baba yetu. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayesoma mbele ya darasa.

"Umeruka mahari," alisema. "Rudia."

Nikarudia yote, tangu mwanzo hadi mahari, nikiwa nimefumba macho nisikosee. Nilipoyafumbua walikwisha mwita akaenda, na simu ilikuwa mkononi mwa mke wangu, ambaye alinitazama kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula.